Nyigu wa Tura, Nyuki wa Ulyankulu

Jumatatu, 12 Mei

Nimenunua daftari hili kwa sababu Erasmus ametaka kila mtu aandike anachofanya kila siku, ili gemu ikikwama tujue imekwamia wapi. Erasmus ni mchoraji wetu na ukubwa amejipa mwenyewe. Tuko watatu: yeye, aliyetoka Nzega; Majidi, mzaliwa wa hapa Isevya, anayetengeneza sauti; na mimi, Esperansi, ninayeandika programu ya maadui. Chumba tunachofanyia kazi ni cha mama yake Majidi, kipo nyuma ya duka lake la vitenge.

Gemu inaitwa Njia ya Kazeh. Ni miaka mia tatu ijayo. Mito imekauka, na wapagazi wanabeba maji kwa miguu kutoka Tura mpaka Kazeh, yaani Tabora yetu hii kwa jina lake la kale. Kituo cha treni cha Tura kimebaki gofu, na humo ndani wamejenga viota nyigu wa chuma. Ni droni ndogo zenye kiuno chembamba, kila moja ukubwa wa kuku, mwiba wake wa umeme. Ziliachwa na vita ambayo hakuna tena anayeikumbuka. Hao nyigu ndiyo kazi yangu.

Naandika na sharti la baba lisije likasahauliwa, hasa na yeye mwenyewe. Baba anafuga nyuki Ulyankulu. Ana mizinga mia moja na kumi na miwili, na nyonga yake imekataa kupanda miti. Mwezi wa pili aliniambia: "Nane Nane nakuja Ipuli kwenye maonyesho. Nikikuta watu wamekaa kwenye hicho kitu chenu wenyewe, bila kubembelezwa, sikuiti tena. Nikikuta mmekaa ninyi watatu mnatazamana, unafunga mzigo, tunarudi wote ukashike mizinga." Nikasema sawa. Nina miaka ishirini na saba na bado sijajifunza kubishana na baba yangu.

Alhamisi, 15 Mei

Umeme hakuna. Erasmus amechora nyigu kwenye karatasi. Majidi kasema anafanana na shangazi yake mmoja.

Jumatatu, 19 Mei

Nyigu wanaruka! Wanamtafuta mpagazi aliye karibu, wanamdunga, anakufa. Nimecheza mara ishirini. Mara ya ishirini nilikuwa napiga miayo.

Alhamisi, 29 Mei

Tumewaita vijana wanne wa mtaani waje kujaribu. Baada ya dakika kumi wa kwanza alishika simu yake. Wa mwisho aliaga anakwenda kununua vocha, na mpaka naandika hapa hajarudi.

"Tatizo ni nyigu wako," Erasmus akasema. "Hawana akili. Ni mvua ya mawe tu. Unajificha, inapita, unaendelea."

Nikamwambia na msafara wake unatembea kama maharusi. Majidi akacheka, Erasmus akanuna, tukafunga kazi mapema. Njiani nikakubali moyoni kwamba yuko sahihi, lakini hilo sikumwambia wala simwambii.

Jumatano, 4 Juni

Baridi ya asubuhi imeanza. Erasmus kaniuliza, "Wewe si mtoto wa mrina asali? Nyuki kwenu wanafanyaje?" Nikamjibu wanauma. Ukweli ni kwamba zaidi ya hapo sijui sana. Nilikwenda shule ya bweni mapema, na likizo zangu zote zilikuwa za mvua, asali haijaiva. Baba anaanza kurina wiki ijayo. Nitakwenda na simu nikawapige video.

Jumapili, 8 Juni, Ulyankulu

Pentekoste. Misa ilichukua saa tatu nzima, maana kulikuwa na wabatizwa thelathini. Mama yangu, Godeliva, kaimba sauti ya pili mpaka wa mbele wakageuka kumtazama. Ana furaha nimekuja.

Nyumbani tukamkuta Mayala amekaa uani. Ni jirani yetu, Msukuma aliyehamia hapa miaka sita iliyopita, na sasa ndiye anayempandia baba miti. "Mwangaluka," akanisalimu, kisha akaendelea kumuuliza baba: mzinga wa mtoni umetundikwa mwaka gani, ule wa bondeni huwa unaingiwa na nyuki mwezi gani. Kila nikija nyumbani namkuta anauliza. Nilimwambia mama kwamba huyu mtu anapima mizinga yetu kwa macho, anasubiri. Mama akasema, "Mwache. Mtu anayefanya kazi huuliza." Bado simwamini.

Jumatano, 11 Juni, mjini, hospitali

Juzi sikuandika na jana sikuandika. Naandika sasa nimekaa kwenye benchi nje ya wodi, kwa mpangilio, ili baadaye nisijidanganye.

Jumatatu tulitoka saa tisa alasiri, baba, Mayala na mimi. Mzinga ulikuwa juu ya mninga. Ni gogo la zamani lililotobolewa, refu kunizidi. Mayala alipanda na kienge cha moshi. Kazi yangu ilikuwa moja tu: kushika kamba chini, iliyozungushwa mara moja kwenye shina, na kuiachia kidogo kidogo akishaufungua mzinga kwenye tawi, ushuke taratibu. Baba alikaa mbali, hatua kama mia, kwenye turubai pamoja na ndoo. Hakuwa na wavu wa usoni, alikuwa anakunywa chai. Asiyeweza kukimbia hakai karibu na mzinga. Hiyo ni sheria ya warina, na yeye aliifuata.

Mimi nilishika kamba kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa na simu.

Nilitaka kuona wanavyotoka. Mwanzoni walitoka wachache, wakazunguka moshi. Nilikuwa nafikiria nyigu wangu, najisemea hawa wanazunguka kwanza ndipo wanashambulia, hilo nitaliiga. Mzinga ulipofika katikati ya mti, kamba ilinichubua kiganja nikaiachia. Gogo likaanguka, likapasuka vipande viwili.

Wa kwanza alinidunga kwenye kifundo cha mkono, pale glavu isipofika. Wa pili akadunga pale pale, na wa tatu. Kisha mkono mzima wa koti ukawa mweusi. Nikasikia harufu ya ndizi mbivu, nikashangaa nani ana ndizi porini. Halafu nikakimbia.

Kila mtoto wa Ulyankulu anajua hili kabla hajajua Baba Yetu: ukifukuzwa na nyuki, huwakimbilii watu. Unaingia kichakani peke yako, unawapeleka mbali, hata kama mama yako mzazi anakuita upande wa pili. Unakwenda nao mpaka wachoke. Nimeimbiwa hivyo tangu nikiwa mgongoni. Nami nilimkimbilia baba.

Aliniona nakuja. Hakupiga kelele, wala hakunigombeza. Alisema "Lala," akanivuta chini. Akanivua koti la kinga kwa mikono miwili kama anavyomchuna mbuzi, akanifunika turubai. Nilidhani ataingia na yeye. Akajitupia lile koti mabegani, likiwa na nyuki wote na harufu yote, akashika fimbo akaondoka. Nilisikia fimbo ikigonga mizizi, ikienda mbali. Hakwenda haraka, kwa sababu hawezi.

Nilibaki chini ya turubai. Hakuna nyuki aliyenigusa tena. Ningeweza kutoka nikamfuate, na sikutoka. Hilo nalo naliandika.

Mayala aliteremka mti kwa kuteleza, ngozi ya mikono yote ikabaki kwenye gome. Alimfuata na moshi, akamkuta kwenye kichaka cha miiba amekaa, koti limemfunika kichwa, amenyamaza. Akambeba mgongoni mpaka ilipo pikipiki. Nesi alichomoa miiba mpaka akafika mia na arobaini, kisha akaacha kuhesabu. Mama hajaniuliza kitu. Ananiletea chai, ananishika bega, anaondoka.

Alhamisi, 12 Juni

Baba amefumbua jicho moja. Ameuliza kama asali iliokolewa.

Ijumaa, 13 Juni

Erasmus na Majidi wamekuja na uji kwenye chupa. Majidi kakaa dakika tano akaanza kulia, ikabidi nimtoe nje nimbembeleze mimi. Erasmus kakaa na baba saa mbili nzima wakazungumza ng'ombe wa Nzega. Nilikuwa sijui kwamba Erasmus anaweza kumsikiliza mtu. Hakuna aliyeniuliza habari ya video.

Jumatatu, 16 Juni

Baba ameruhusiwa. Uso umerudi, ila sikio la kushoto bado ni kubwa. Nilipiga magoti nikamwomba radhi. Akasema, "Kamba inashikwa kwa mikono miwili." Nikasubiri aendelee. Kisha: "Na Nane Nane iko pale pale."

Nikamuuliza kama anataka nirudi sasa hivi, yaishe. Akasema tumepatana Nane Nane, yeye si mtu wa kubadilisha maneno.

Jumanne, 24 Juni, Isevya

Nimerudi kazini. Video ipo kwenye simu, sekunde arobaini na moja. Sijaifungua.

Jumatano, 25 Juni

Sijaifungua.

Jumapili, 29 Juni

Nimeifungua. Niliwaita Erasmus na Majidi tukae pamoja, peke yangu nisingeweza.

Simu ilianguka ikitazama juu. Mti unaonekana, na Mayala, na anga. Nyuki wanapita kama moshi, na mimi napiga kelele kisha kelele zinakwenda mbali. Majidi akafumba macho kusikiliza. Erasmus ndiye aliyeona. "Rudisha," akasema. "Mtazame huyo wa juu ya mti. Yeye ndiye aliye karibu nao. Mbona wanampita?"

Tukarudisha mara tatu. Kweli, wanampita Mayala kana kwamba ni tawi. Wamenifuata mimi niliyedungwa. Na baadaye, ambapo simu haioni, wakaliacha turubai wakalifuata koti.

Nikawaeleza harufu ya ndizi, kwamba huenda nyuki akidunga huiacha na wenzake huifuata. Nikawaeleza na koti, na sheria ya kutokimbilia watu. Majidi, mtoto wa mjini, hakuwahi kuisikia. Akauliza, "Kwa hiyo mtu anaondoka tu? Peke yake?" Nikasema ndiyo. Kisha akasema, "Hiyo ndiyo gemu."

Nikamchukia kwa sekunde kadhaa. Halafu nikawasha kompyuta. Niliona aibu sana, na aibu haikunizuia.

Jumamosi, 5 Julai

Nimefuta nyigu wa zamani wote. Wapya hawamtafuti aliye karibu. Mmoja huja kuchungulia, na akimdunga mpagazi, shuka la yule mpagazi linapata alama, na kundi zima linalifuata shuka. Ukikaa nalo kwenye msafara, msafara wote unakufa. Ukitoka nalo, wenzako wanapita. Na mwenzako akitaka anaweza kukuvua shuka akalivaa yeye.

Hiki cha mwisho nilikiandika kwa mistari kumi na mmoja. Nilikuwa nalia, na mistari yote ilikubali mara ya kwanza, jambo ambalo kwangu halijawahi kutokea.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Duka limefungwa, sisi tumefanya kazi.

Ijumaa, 11 Julai

Wale vijana wanne wamerudi, pamoja na yule wa vocha. Walikaa saa tatu nzima. Waligombana mpaka mama yake Majidi akaja kuangalia kama kuna mwizi. Mmoja alikataa kutoka na shuka, wakafa wote, wakamwita mchoyo. Raundi iliyofuata akalibeba la mwenzake bila kuambiwa, akafa peke yake karibu na mto mkavu, na hakuna aliyezungumza mpaka msafara ukafika.

Erasmus alinitazama. Nikamwambia msafara wake sasa unatembea vizuri. Akasema asante. Tumeelewana, naona.

Jumapili, 20 Julai

Upepo na vumbi, na moshi wa nyasi zinazochomwa kila upande. Mama kapiga simu. Mizinga yote imeshamalizwa kurinwa. Nani kairina? Mayala na shemeji zake, wiki tatu mfululizo, na baba kazi yake kuelekeza tu kwa fimbo.

Nikampigia Mayala kumshukuru kwa siku ile, maana sikuwahi. Nimeona haya mwezi mzima.

"Wabeja, dada," akasema, akirudisha asante kwa Kisukuma. "Mimi nilimbeba hatua chache. Nyingi alitembea mwenyewe."

Nilimuuliza mikono yake imeponaje. Akacheka, akasema bado inamwasha akishika chumvi. Sikumbuki tena kwa nini nilikuwa simpendi. Hapana, nakumbuka. Alikuwa anaijua mizinga ya baba yangu kuliko mimi.

Ijumaa, 1 Agosti

Imebaki wiki moja. Kompyuta ya Majidi imeungua kifaa cha umeme, kaazima kingine.

Jumatano, 6 Agosti

Tumepewa meza Ipuli, kwenye banda la vijana, kati ya mashine ya kukamua alizeti na watu wa vifaranga. Skrini moja, pedi mbili. Jana walicheza kumi na wawili. Leo sikuweza kuhesabu, walikuwa wamezuia njia na watu wa vifaranga wakatulalamikia. Nimeanza kuamini kwamba nitabaki mjini. Nilipofikiri hivyo sikufurahi, sijui kwa nini.

Ijumaa, 8 Agosti, Nane Nane

Walifika saa tano: baba, mama na Mayala. Baba alivaa koti la kanisani. Alisimama nyuma ya foleni na fimbo yake, asijulishe mtu. Mimi nilimwona ila nikajifanya sijamwona. Sikumbembeleza mtu yeyote akae. Naandika hilo kwa haki.

Foleni ilipofika kwake, watu wakadhani amepotea njia, wakamwonyesha banda la dawa za mifugo. Akasema, "Nami nimepanga mstari." Majidi akamwekea kiti, akamwonyesha pa kuweka vidole. Pedi ya pili alikuwa nayo mama mmoja mfugaji kutoka Igunga, mwenye sauti kubwa, ambaye alikuwa ameshakufa mara sita na hataki kuondoka.

Walitoka Tura vizuri. Baba alitembea polepole hata humo. Kabla ya nusu ya njia nyigu akachungulia, akamdunga mpagazi wa yule mama, shuka likawaka alama. "Jamani!" yule mama akasema. "Tena mimi!" Kundi likasikika likitoka kwenye gofu. Majidi ametengeneza ile sauti kutokana na video yangu. Nilimtazama baba kama ataijua, na aliijua. Vidole vilisimama.

Kisha akamsogelea mpagazi wa mwenzake, akamvua shuka, akalivaa.

"Mzee, unafanya nini?" mama wa Igunga akauliza.

"Nenda," baba akasema. "Usinitazame, nenda na wenzako."

Akaiacha njia, akaingia porini upande wa kaskazini. Nyigu wote wakageuka naye. Watu wakaisogelea skrini. Alikuwa anadungwa na anaendelea, anapita nyuma ya miti, hatafuti pa kujificha. Mama wa Igunga akauendesha msafara kimya, ameuma mdomo. Wapagazi wakaingia Kazeh mmoja mmoja, ngoma ya Majidi ikalia, na watu wakapiga makofi. Baba bado alikuwa anatembea porini.

"Baba," nikamwambia, "imeisha. Umeshinda."

"Wameingia wote?"

"Wote."

Ndipo akaweka pedi mezani. Alitoa leso akajifuta uso, akatazama foleni nyuma yake, ndefu mpaka kwenye mashine ya alizeti.

"Watu wamekaa wenyewe," akasema. "Sikuiti tena."

Nikasema asante, baba. Nikamuuliza, na mizinga je?

"Mizinga nimempa Mayala. Tangu nilipotoka hospitali."

Mayala akaangalia chini. Mama yangu alikuwa anajua, niliona usoni.

"Tangu mwezi wa sita? Mbona umeniacha nikeshe nikihangaika na Nane Nane yako?"

"Ungejua, ungelegea."

Majidi akaangua kicheko, na Erasmus, na mama wa Igunga akasema huyu ndiye mzazi. Nikacheka na mimi. Halafu nikaenda nyuma ya banda la vifaranga nikalia kwa hasira. Miezi mitatu nimepigania nisiitwe nyumbani, na baba alikuwa ameshaacha kuniita tangu mwezi ule aliponivua koti. Nilichokitaka nimekipata. Sikujua kwamba nilitaka pia mizinga inisubiri.

Mama yangu alinikuta huko. Akasema, "Hakukunyima. Alikuona unavyoshika kamba." Nadhani alikusudia kunifariji.

Jumapili, 10 Agosti

Wamerudi Ulyankulu na basi la jana asubuhi. Erasmus anataka tuanze sura ya pili wiki ijayo. Nimekubali.

Leo baada ya misa nilimpigia Mayala. Nikamsalimu shikamoo, kwa mara ya kwanza, maana sasa ndiye mwenye mizinga. Akashtuka, akaitika marahaba. Nikamwomba mwakani, akianza kurina, anipe kazi yoyote: kubeba ndoo, kushika moshi, kamba akipenda.

Akasema ndoo sawa. Kamba atafikiria.